Mji ukifungwa: namna ya kulisha nyumba soko likiwa halifikiki

Tarehe 6 Mei 2020, Ramadhani ikiwa katikati, serikali ya Kenya ilifunga Mji wa Kale wa Mombasa na mtaa wa Eastleigh, Nairobi, ili kuzuia Covid-19. Hakuna kutoka, hakuna kuingia, na masoko na mikahawa ya ndani ikafungwa. Kabla ya hapo, tangu tarehe 8 Aprili, kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zilikuwa zimeshazuiwa watu kuingia na kutoka, na kafyu ilianza saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri.

Chakula hakikuisha Kenya. Malori ya mizigo yaliruhusiwa kupita, ijapokuwa kwa foleni na vipimo mipakani. Viazi vilikuwako Nyandarua, vitunguu vilikuwa vinatoka Tanzania, mchele ulikuwa umejaa maghalani. Kilichokatika ni kipande cha mwisho cha njia, kutoka soko la Kongowea hadi mlangoni kwako. Na kwa nyumba nyingi kilichokatika ni kibarua, kwa hiyo hata mzigo ukifika mlangoni hakuna cha kuulipia.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu hautakuhimiza ujaze stoo. Kulimbikiza kunafaa kidogo, na kunaumiza wengi. Mwisho wa Machi 2020 gavana wa Kinshasa alilazimika kuahirisha kuufunga mji wake kwa sababu tangazo peke yake lilitosha kupandisha bei, watu wakiwa bado wanatembea. Kazi kubwa iko kwenye njia: nani atakuletea, kwa malipo gani, saa ngapi, na asipofika yeye aje nani.

Hatua ya 1: Hesabu midomo na vyakula kabla hujanunua kitu

Toa kila kitu kabatini ukiweke mezani au mkekani. Usiandike kwa kukumbuka, maana kumbukumbu inasema kuna mchele, nao ni vikombe viwili. Pima kwa mzani ukiwa nao. Huna? Tumia kopo moja lile lile kwa kila kitu.

Sasa hesabu walaji. Mashirika ya misaada hupanga mgao kwa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na mgao wao wa kawaida unakaribia gramu 400 za nafaka, gramu 60 za maharagwe au jamii yake, gramu 25 za mafuta na gramu 5 za chumvi. Ni chakula kikavu kisicho na raha, lakini kwa hesabu kinafaa. Nyumba ya watu sita kwa wiki mbili inatoka hivi: nafaka kilo 34 hivi ukiunganisha unga, mchele na ngano, maharagwe, pojo (ndengu), mbaazi au kunde kilo 5, mafuta lita mbili na kidogo, chumvi chini ya nusu kilo. Watoto wadogo watakula pungufu ya hapo, na kijana wa miaka kumi na saba atakula sehemu yao.

Watu wengi wakifanya hesabu hii hugundua mambo mawili. Chumvi na majani ya chai wanayo ya miezi, na maharagwe hayafiki hata siku nne. Kwa hiyo wakikimbilia dukani hununua unga juu ya unga. Ukibaki na jambo moja tu kutoka hatua hii, liwe hilo: ongeza jamii ya kunde kabla ya kuongeza unga. Pojo kilo moja inalisha nyumba, haihitaji friji, na inaiva haraka kuliko maharagwe.

Wiki mbili zinatosha kwa akiba. Mwezi mzima wa unga kwenye joto la Pwani ni kuwafugia fukusi. Tena unga wa kusaga posho, ule ulio na kiini cha mahindi ndani, huanza kuchacha mapema kuliko unga wa paketi uliokobolewa. Kama una nafasi na mashine ya kusaga iko jirani, weka mahindi yenyewe yakiwa makavu kabisa, usage kidogo kidogo.

Katika orodha hiyo hiyo andika vitu visivyo chakula ambavyo vikiisha vinaleta shida ya chakula: gesi au makaa, tokeni za stima, maji ya kunywa, sabuni, dawa za presha na sukari, pedi, nepi. Mwenye dawa za kila siku anunue za mwezi akiweza, kwa kuwa huko ndiko kukosa siku mbili kunakoumiza.

Hatua ya 2: Panga njia tatu za kuletewa

Watu husema "nitaagiza" kana kwamba kuagiza ni kubonyeza tu. Siku ya kwanza ya kufungwa kila mtu anabonyeza kwa pamoja. Maduka makubwa yanakupa nafasi ya siku tano mbele, programu za kuletea chakula zinakosa waendeshaji kafyu inapokaribia, na wengi wao hawafiki mitaa yenye vichochoro. Ziweke kama njia ya tatu.

Njia ya kwanza ni mama mboga wako na duka la jirani. Mama mboga anajua lori linashusha lini, nani ana nyanya na nani amebaki na zilizooza, na anakujua kwa jina. Nenda kwake mapema, kabla hakujachafuka, umwulize mambo manne: mzigo anauchukua wapi na siku gani, soko hilo likifungwa atachukua wapi, ana nambari ya kulipia kwa simu, na nani humbebea. Usipuuze hilo la pili. Mwaka 2020 masoko mengi yalifungwa au kuhamishiwa viwanja vya wazi, na aliyekuwa na mchuuzi anayejua mlango wa pili alikula mboga. Kampala ilikuwa kali zaidi: wachuuzi wa chakula waliambiwa walale sokoni badala ya kurudi nyumbani, na wengine wakatundika vyandarua juu ya meza zao za biashara.

Njia ya pili ni mwenye boda. Tafuta mmoja unayemfahamu, na wa pili wa akiba. Uganda ilipopiga marufuku boda kubeba abiria iliwaachia wabebe mizigo, na hiyo ndiyo iliyoziokoa jiko nyingi za Kampala. Kubaliana naye nauli kabla: ya siku ya kawaida, ya mvua, na ya kusimama foleni dukani kwa niaba yako. Hiyo ya tatu husahaulika, na ndiyo chanzo cha ugomvi. Mtu akikusimamia saa nzima, saa hiyo amekosa wateja wengine, basi ilipe. Ukimpunja leo, kesho simu yako haitapokelewa na utakuwa umestahili.

Mwulize pia kama ana kibali au stakabadhi inayotakiwa kwa wabeba chakula wakati huo. Sheria hubadilika kwa wiki. Kizuizini askari atauliza unakwenda wapi na umebeba nini, kwa hiyo mtumie ujumbe ulioandikwa orodha na mahali anapopeleka, auonyeshe.

Kama wewe ndiye unayeishi ndani ya eneo lililofungwa kabisa, kama ilivyokuwa Mji wa Kale, boda hatavuka kizuizi. Hapo unahitaji watu wawili: wa nje wa kufikisha mzigo kizuizini, na wa ndani mwenye mkokoteni au miguu ya kuufuata. Weka saa moja ya kukutana, yenye watu wachache, na mzigo uwe na jina na nambari ya simu iliyoandikwa kwa kalamu nzito juu ya gunia. Kiroba kisicho na jina kizuizini hakina mwenyewe.

Hatua ya 3: Andika agizo ambalo mtu hawezi kulikosea

Agizo la mdomo kwenye simu, barabara ina kelele, huleta vitu vya ajabu. Unasema dania, unaletewa mdalasini. Andika. Weka kitu, kiasi, hali unayoitaka, mbadala wake, na bei ya juu kabisa. Mfano:

"Salaam aleikum mama. Naomba ya kesho:
Nyanya kilo 2, nusu ziwe bado mbichi.
Vitunguu kilo 2, vikavu, visiwe na shina bichi.
Kabichi 1 kubwa. Kama hakuna, sukuma ya 50.
Nazi 4, uzitikise usikie maji.
Viazi kilo 3. Vikizidi 100 kwa kilo nipigie kwanza.
Jumla ikipita 1,000 toa kabichi.
Nalipa kwa till mzigo ukifika. Geti la buluu nyuma ya msikiti, usipande juu, piga nishuke. Kabla ya saa kumi jioni tafadhali."

Tazama mstari wa jumla. Bei zinapopanda kila siku, mwenye kukununulia anasimama sokoni hajui apunguze nini, na akikupigia simu haipatikani. Ukimwambia mapema kitu cha kutoa, anaamua papo hapo na anarudi haraka.

Nyanya nusu mbichi ni kwa sababu hutajua utaagiza tena lini. Zilizoiva unaanza nazo, mbichi zinaiva juu ya meza.

Kuhusu malipo: lipa kwa simu mzigo ukiwa mbele yako, si kabla, isipokuwa kwa mtu unayemjua. Mwaka 2020 Safaricom iliondoa ada ya M-Pesa kwa miamala isiyozidi shilingi 1,000 ili watu wapunguze kushika noti. Kabla ya kubonyeza tuma, soma jina linalotokea. Ukikosea nambari, peleka ule ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja, kabla aliyepokea hajazitoa. Wewe ukiwa muuzaji, usiamini ujumbe ulioonyeshwa kwenye simu ya mteja; angalia salio lako mwenyewe. Na nambari ya siri haitakiwi na mletaji yeyote, hata akisema anahakiki oda.

Hatua ya 4: Gunia la pamoja

Hapa ndipo pa kuokoa pesa. Jengo la ghorofa lenye nyumba nane likinunua gunia moja la viazi, moja la vitunguu na kiroba cha mchele, nauli inagawanywa mara nane na bei inakuwa ya jumla. Tena ni mletaji mmoja anayeingia getini, si wanane.

Mteueni mtu mmoja wa kukusanya pesa na mwingine wa kugawa. Wasiwe mtu mmoja, hata akiwa mwaminifu kama saa. Pesa zote zitangulie. Anayesema "nitatoa zikija" mumwekee sehemu mkiwa mnajua kwamba ni sadaka, na hilo pia si vibaya, mradi mmeamua hivyo kwa kujua.

Gunia la viazi kisheria Kenya ni kilo 50, lakini yale yaliyoshonewa kilemba juu hayajaisha, na ndani ya kilemba ndimo vinamokaa vidogo. Siku ya kugawa, tandikeni turubai uwanjani au darini, mmimine gunia lote. Msigawe kwa kuchota kutoka mdomo wa gunia, maana wa kwanza atapata vizuri na wa mwisho atapata udongo. Tengeni mafungu matatu: vizima, vilivyokatwa na jembe, na vilivyoota au kugeuka kijani. Vya jembe vigawanywe sawa na viliwe wiki hiyo. Vya kijani vitupwe, kwani kijani hicho kinakuja pamoja na sumu isiyoondoka kwa kupika. Vizima pimeni kwa mzani. Hamna mzani? Tumieni pishi au gorogoro moja, na kabla ya kuanza ligeuzeni kopo mtazame kitako. Kopo lililobonyezwa kwa ndani linapunja kila mchoto, na kila mnunuzi wa sokoni amewahi kukutana nalo.

Wazee wanaoishi peke yao wasisubiri kuomba. Waulizwe kwanza, na fungu lao lipelekwe mlangoni.

Hatua ya 5: Kupokea mzigo mlangoni

Mwaka 2020 watu waliosha vitunguu kwa sabuni na wengine waliloweka mboga kwenye dawa ya kufulia. Usifanye hivyo. Shirika la Afya Duniani lilisema hakuna ushahidi wa watu kupata Covid-19 kwa chakula au vifungashio. Dawa ya kufulia na sabuni ya unga tumboni zinadhuru, na hilo halina shaka. Hatari ilikuwa pumzi ya mtu, na hasa katika chumba kilichofungwa.

Kwa hiyo mzigo upokelewe nje. Mletaji aweke chini, asogee, wewe uchukue. Barakoa kwa wote wawili. Hesabu vitu mkiwa mmesimama mbalimbali, lipa kwa simu, ingia ndani, hamisha vitu kwenye vyombo vyako, kisha nawa mikono kwa sabuni sekunde 20. Mboga na matunda suuza kwa maji safi yanayotiririka. Basi.

Onyo moja lakini. Kila ugonjwa una njia yake. Likiwa ni wimbi la kipindupindu, chakula na maji ndiyo njia yenyewe: hapo maji yachemshwe au yatiwe dawa ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa, kachumbari iachwe, chakula kiliwe cha moto. Sikiliza wizara ya afya inasema nini kuhusu ugonjwa uliopo, usitumie kanuni za ugonjwa uliopita.

Nyumba ikiwa na mgonjwa, mwambie mletaji kabla hajaja. Aache mzigo getini, malipo yawe yameshatumwa, na vyombo vilivyoletewa chakula na jirani vioshwe kwa maji moto na sabuni kabla ya kurudishwa.

Hatua ya 6: Kuhifadhi, Pwani ikiwa na joto lake

Vitunguu na viazi visikae pamoja. Viazi huota haraka. Viazi vinataka giza na hewa, vitunguu vinataka hewa na ukavu. Kikapu chini ya kitanda kinafaa kwa viazi, mfuko wa plastiki haufai popote.

Kabichi nzima hukaa wiki mbili mahali penye ubaridi ukitoa majani ya nje kadiri yanavyonyauka. Ukiikata, hesabu siku tatu. Panga mapishi kwa kufuata kinachoharibika: mchicha na sukuma siku mbili za mwanzo, nyanya na biringanya zifuate, kisha kabichi na karoti, na maharagwe makavu mwisho. Usile kabichi leo mchicha ukiwa unageuka manjano kwenye beseni.

Nyanya zikiiva zote kwa pamoja, zipike na vitunguu na mafuta hadi zikauke maji na mafuta yaelee juu, uziweke friji kwa mafungu ya mlo mmoja. Kwenye jokofu, yaani sehemu ya kugandisha, zitakaa miezi.

Majani ya kunde yachemshwe dakika chache, yachujwe, yaanikwe kivulini penye upepo hadi yavunjike yakishikwa. Jua kali huyamaliza rangi. Yanakaa kwenye kopo lenye kifuniko kwa miezi, na yakitiwa tui hayana tofauti kubwa na mabichi, au ndivyo ninavyojiambia mwezi wa tano.

Muhogo ukichimbwa haumalizi siku tatu kabla ya kuanza kuweka mistari ya kijivu. Umenye, ukate, uweke jokofuni, au uanike uwe makopa. Muhogo mchungu usiutafune hivi hivi kwa kukosa kitu kingine. Unahitaji kulowekwa na kukaushwa sawasawa. Kisamvu nacho kitwangwe na kichemshwe muda mrefu, sufuria ikiwa wazi.

Nazi nzima hukaa wiki kadhaa. Tui likishakamuliwa litumie siku ile ile.

Mayai usiyaoshe kabla ya kuyaweka. Lenye shaka litie majini: likizama na kulala ni zuri, likielea litupe.

Wali uliobaki ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Bakteria fulani wa mchele hutoa sumu isiyokufa kwa kupasha moto. Utandaze kwenye sinia upoe haraka, ndani ya saa moja uingie kwenye friji, uupashe mara moja tu. Huna friji? Pika unaotosha mlo mmoja.

Nafaka na kunde ziingie kwenye ndoo au madumu yenye vifuniko vinavyobana, zijae hadi juu ili hewa ibaki kidogo. Unga wenye dalili za wadudu ukikaa kwenye jokofu siku nne wanakufa. Kinachofuata ni chekeche.

Hatua ya 7: Moto na stima

Kuna nyumba zilikuwa na maharagwe tele na mtungi wa gesi mtupu. Moto ni sehemu ya hesabu ya chakula. Loweka maharagwe usiku kucha, umwage yale maji, uyachemshe kwa nguvu angalau dakika kumi za mwanzo. Maharagwe mekundu yakipikwa kwa moto hafifu tangu mwanzo huleta matapishi na kuhara, tena mabaya. Baada ya kuchemka sawasawa unaweza kuitoa sufuria na kuizika ndani ya kikapu kilichojazwa nguo nzito au mablanketi, kifuniko kikiwa kimefungwa. Joto linaendelea kuivisha kwa saa kadhaa bila tone la gesi. Kabla ya kula irudishe motoni ichemke tena.

Pika maharagwe ya siku tatu mara moja ikiwa una friji. Stima ikikatika usilifungue fungue: friji iliyofungwa hutunza ubaridi kama saa nne, na jokofu lililojaa hufika saa 48. Chupa za maji zilizoganda zijazie nafasi tupu.

Jiko la makaa lisiingizwe chumbani mlango umefungwa, hata mvua ikinyesha, hata mkiogopa kafyu. Hewa yake ya sumu haina harufu.

Hatua ya 8: Vitu vikikosekana

Kinachokosekana kwanza kwa kawaida ni unga wa ngano, hamira na mkate, maana kila mtu anaanza kuoka. Chapati haitaki hamira. Chai ya asubuhi inakwenda na viazi vitamu, muhogo wa kuchemsha, au mbaazi na mabaki ya sima iliyokaangwa. Nyanya zikikosekana, ukwaju au embe bichi hutia ukali kwenye mchuzi. Nazi ikikosekana, karanga zilizosagwa hunenepesha mboga. Nyama ikipanda bei, ng'onda na dagaa havihitaji friji. Vioshe kwa maji ya vuguvugu na punguza chumvi ya mapishi. Mboga za majani ukizikosa kabisa, matembele, majani ya maboga na mnavu humea penye uwanja mdogo. Mchicha uliopandwa kwenye gunia la udongo huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne, kwa hiyo upandwe siku mnaposikia uvumi.

Mtoto mchanga anyonye maziwa ya mama, hata mama akiwa anakula kidogo. Yule wa maziwa ya kopo, maziwa yake yasizimuliwe ili yafike mbali. Maji mengi kwenye chupa humdhuru upesi. Kopo likikaribia nusu, anza kutafuta lingine.

Hatua ya 9: Pesa zikiwa hakuna

Haya yote yanamfaa mwenye chochote. Anayenunua mafuta ya kupima ya kumi na unga wa nusu kilo hawezi kuambiwa aweke akiba ya wiki mbili, na miongozo mingi humsahau hapo.

Ukiwa hapo, anza na daftari la dukani. Usingoje hadi uwe huna kitu kabisa ndipo umwendee mwenye duka. Mwendee ukiwa bado una shilingi mia mbili, umlipe mia, umwombe kikomo cha deni kwa wiki na mkiandike wote wawili. Mwenye duka anaogopa deni lisilo na mwisho kuliko anavyoogopa deni. Pili, chama chenu cha kuchangiana. Kama kina akiba, kaeni mkubali kugeuza mzunguko wa mwezi huo uwe wa chakula badala ya sherehe au vyombo. Tatu, jiandikishe mapema kwa mzee wa mtaa au nyumba kumi, ukiwa na nakala ya kitambulisho na idadi ya walio nyumbani, na uhakikishe kwa macho kwamba jina na nambari ya simu vimeandikwa sawa. Orodha za misaada huandikwa kwa haraka, na tarakimu moja ikikosewa pesa zinakwenda kwa mwingine.

Ugawaji wa hadhara uwe na tahadhari. Tarehe 10 Aprili 2020 watu walikanyagana Kibra kwenye ugawaji wa chakula, na polisi wakarusha gesi ya kutoa machozi. Rwanda iliamua kupeleka chakula nyumba kwa nyumba kupitia viongozi wa mitaa. Uganda nayo ilipeleka unga kilo 6 na maharagwe kilo 3 kwa kila mtu katika kaya maskini za Kampala na Wakiso. Kama mnasimamia msaada mtaani kwenu, igeni hilo. Kama ni wewe unayeupokea na umeambiwa uende uwanjani, usiende na watoto, na ukiona geti moja na umati mzima, rudi nyuma.

Mkipunguza milo, wapunguziwe watu wazima wenye afya kwanza. Walio chini ya miaka mitano, wajawazito, wanaonyonyesha na wanaotumia dawa za sukari wasipitwe na mlo. Mtoto akilegea, akikataa kula, au miguu ikivimba, apelekwe kituo cha afya, kafyu au hakuna. Piga simu kwa mzee wa mtaa au nambari ya dharura kwanza ili msizuiwe njiani.

Njia zikifunguliwa

Bei za mboga hushuka kabla ya bei za unga na mafuta, kwa sababu nyanya hazina subira. Usinunue kwa wingi wiki ya kwanza. Kula akiba ya zamani: nusa unga, ukiwa na harufu ya rangi au mafuta makuukuu mpe kuku kidogo kidogo au utupe, na ukiwa na ukungu usimpe hata kuku. Andika vilivyobaki bila kuguswa, maana hivyo hukuvihitaji. Lipa daftari la duka na nauli za boda ulizobakiza kabla ya kwenda sokoni mwenyewe, na nambari zao usizifute kwenye simu.